Kidole cha Tano

Fungueni mlango wa parsele, wa uwanja wetu huu, muuache wazi, na mtu asiweke mgongo pale kuzuia. Wanaopita njiani wakitaka kusikia wasikie. Jafari, mtoto wangu wa kwanza, acha kuangalia barabara, vuta kiti ukae hapa karibu na miguu yangu, maana sauti niliyobaki nayo ni ya kupima na sitaki kuimaliza kwa kukuita mara mbili. Bilali, wewe ukae upande wa pili wa kaka yako. Ramla mjukuu wangu, niinue kidogo, weka mto mgongoni, hapo, basi. Na mama yako Josée atoke jikoni aje akae katikati ya watu, asirudi kwenye kile kigoda cha mlangoni alichokalia miaka kumi na tatu, namtaka mbele ya uso wangu nimwone.

Daktari alisema wiki moja. Hii ni ya tatu na bado nawasumbua, na si kwamba moyo una nguvu, moyo umechoka tangu msimu wa mvua uliopita. Ni kwamba kuna maneno yamenikaa kooni na nimeapa sishuki nayo kaburini. Wanangu mnajua mmekuja kusikia nini, mmekuja kusikia kidole cha tano. Bon. Lakini Mama Pélagie jirani yangu hajui ni nini, na yule Papy aliyeegemea toleka yake pale nje akijifanya anatazama mnyororo wa baiskeli hajui, kwa hiyo nitaanza mbali, na asiye na subira aende zake. Papy, ingia ndani, mwanangu, hakuna anayekufukuza.

Nyumba hii tunapika kamba. Watu wa mjini wakisikia hivyo wanacheka, wanauliza kama tunaila na sombe, yale majani ya muhogo. Tunachukua lokosa, ule mmea unaotambaa msituni kandokando ya barabara ya Bengamisa, tunamenya ganda lake, tunalilaza majini mpaka nyama yake laini yote ioze nyuzi zibaki, tunazipiga, tunazisokota juu ya paja mpaka paja lenyewe linang'aa. Kamba ya lokosa ikiachwa hivyo ina nguvu kuliko mwanaume, lakini maji yanaimaliza. Mwezi mmoja mtoni inaanza kunuka, miezi miwili imekuwa uji. Ndiyo maana tunaipika, na kila hatua ya kupika tunaiita kidole. Kidole cha kwanza ni kuichemsha na magome mekundu mpaka ishike rangi ya kahawa. Kidole cha pili ni kuikausha, na hapo wengi wanaharibu, kwa sababu mvua ya Kisangani haina adabu, mtu anashika kamba, anaona juu imekauka, anafikiri na moyoni imekauka, anaipaka dawa, anayafungia maji ndani, na kamba inaoza kutoka katikati huku nje inametameta kama ya harusi. Itundikeni juu ya moshi wa jikoni siku saba, hata mteja akilia. Kidole cha tatu ni sandarusi, ule utomvu wa zamani unaochimbwa chini ya miti mikubwa, mgumu kama kioo: unauponda, unauyeyusha mkavu peke yake katika chungu cha chuma, bila tone la kitu kingine, mpaka povu lipande, linune, lishuke lenyewe. Kidole cha nne ni kuitumbukiza kamba katika dawa ikiwa vuguvugu, kuifuta kwa kitambaa, kuitundika kivulini siku kumi. Kamba iliyotoka hapo, wavuvi wa maporomoko wanafungia nguzo zao katikati ya maji yanayounguruma, na inakaa misimu mitatu. Nailoni inateleza juu ya mti ulioloa. Yetu inauma.

Sasa mwenye akili ataniuliza, mama, kati ya kidole cha tatu na cha nne, ile sandarusi inakuwaje dawa? Inachanganywa na mafuta ya boleko, yale yanayokamuliwa katika mbegu za mti mrefu, kwa sababu mawese hayakauki, ukipaka mawese umewaandalia panya na siafu karamu. Kila mtu wa nyumba hii amekamua boleko. Lakini yanaingia saa gani na yanaingia namna gani, hicho ndicho kidole cha tano, na hakuna kati yenu aliyewahi kukiona, maana ikifika saa yake mimi nawatoa wote nje, nafunga mlango wa banda, nafanya peke yangu, halafu nawaita mrudi kutumbukiza.

Ndivyo nilivyokuta. Mwalimu anafundisha vidole vinne, cha tano anakifumbia ndani ya ngumi mpaka siku ya kufa kwake, na siku hiyo anamwita mtu mmoja, mmoja tu, anamwambia sikioni. Mama mkwe wangu Karima, mama ya baba yenu, nilimlilia siku moja kwamba ananinyima, na yeye hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Aliniambia, "Zaina, mwanamke akizeeka hana kitu mkononi wanamsahau hata chakula. Nikikupa vyote leo, kesho utaninunia. Nikibaki na kimoja, uji wangu utakuja ukiwa moto." Na ni kweli, nilimletea uji moto miaka kumi na tisa. Simlaumu. Wazee wa nyumba hii walikuja na misafara ya pembe kutoka mashariki, na wengi wao walipoondoka waliwaacha wanawake hapa kando ya mto na watoto mgongoni. Mwanamke wa namna hiyo alikuwa na nini cha kushikilia isipokuwa kitu ambacho mwingine hakijui? Desturi hiyo ilimlinda. Mimi siikanyagi kwa dharau. Naikanyaga kwa sababu imeniulia mtoto, na nitafika hapo, msinikimbize.

Kwanza mali, ili mtu asiniulize baadaye nikiwa udongoni. Nyumba hii na kiwanja chake, Jafari na Bilali mtagawana kama sheria ya Mungu ilivyosema, sitii mkono wangu humo. Vitenge vyangu wapewe wanawake waliolala chini hospitali wakiniuguza, na kile cha ndege wekundu ni cha Mama Pélagie, asiseme kimechakaa, alikisifu kikiwa kipya. Yule jogoo mkorofi achukue Bilali, watapatana. Lakini banda la kupikia, chungu cha chuma, mawe ya kupondea, na ile miti mitatu ya boleko ambayo baba yenu alipewa na watu wa Bengamisa, hivyo nampa Josée, mke wa marehemu Yusufu mwanangu wa mwisho, mama ya Ramla.

Tulia, Jafari. Kaa. Ulishasema yako juzi, ulipiga magoti hapa kando ya kitanda, ukashika mguu wangu ukasema, "Mama, hii maneno iko ya damu. Mutu wa inje hawezi kuibeba." Nami nikakuacha ufikiri nimekubali, kwa sababu nilitaka kukujibu mbele ya watu. Basi jibu lako hili hapa: mimi nilitoka wapi? Nilitoka Ubundu, binti wa mtu aliyepakua mizigo ya gari la moshi, baba yenu akanileta hapa na mkeka mmoja na sufuria moja. Nilikuwa na damu gani ya nyumba hii? Karima alikuwa na watoto wa kike wawili wa tumbo lake, wote wamekaa pale wakisubiri, na siku ya mwisho akawatoa nje akaniita mimi. Mke wa mwana. Mutu wa inje. Ninyi mmekula kamba yangu tangu mko wadogo, mmesomeshwa kwa mikono ya mutu wa inje, na hakuna siku mliona ladha yake ni mbaya.

Na ukasema kitu cha pili, kwamba Josée ni mkristo, mtoto wa wavuvi wa Isangi, na kwamba wosia wangu hautasimama. Hilo nalo sikulilalia. Nilimwita sheikh wetu, akakaa pale unapokaa, nikamuuliza. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema, mama, mrithi hausiwi, mrithi ana fungu lake tayari. Theluthi ya mali yako ni ruhusa yako, na wosia umewekwa hasa kwa yule ambaye fungu halimtaji. Dini yake haizuii. Alors, Jafari, ulitaka kunifungia mlango kwa dini na dini ndiyo iliyonifungulia.

Wewe una butike yako sokoni, umejaza nailoni na turubai, na sikukatazi, watu wanahitaji turubai. Lakini hujawahi kusokota hata kamba ya kufungia kuku. Ukaniambia nikupe kidole cha tano ukiweke. Kukiweka wapi, papa? Nyuma ya mizani? Kitu hiki kisiposhikwa na mkono unaokifanya kila mwezi, kinakufa. Najua hutaki kukifanya. Unataka kiwe chako, mtu mwingine asikifanye, ili pale maporomokoni wabaki na nailoni yako inayoteleza. Nakupenda, mwanangu, na ninayasema haya ukiwa unanisikia.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Sasa Nadia.

Ramla, wewe ulikuwa na miaka mitatu, humkumbuki shangazi yako. Alikuwa na sauti kubwa, akicheka pale kisimani watu wa barabarani wanageuka. Alikuwa na mikono bora kuliko yangu, nasema kweli, akishika lokosa ilikuwa kama inamtii. Vidole vinne alivimaliza akiwa na miaka kumi na minane, na tangu hapo akawa ananiuliza. Hakuwa mtu wa kuomba akinong'ona, aliniuliza mbele ya wateja: "Mama, na kama unakufia mu njia, siye tutafanya namna gani?" Nami nikimjibu, siendi kufa, nenda kasokote. Nilikuwa na fahari, wanangu. Nilikuwa napenda kuletewa uji ukiwa moto. Hiyo ndiyo kweli, siipambi.

Mwaka ule dada yangu alifariki Ubundu, nikapanda pikipiki kwenda kumzika. Nilipokuwa huko mto ukaanza kujaa mapema, wavuvi wa maporomoko wakaja hapa mbiombio, nguzo zao zinayumba, wanataka kamba kabla ya juma kwisha. Nadia akawaambia, mama hayupo lakini mimi nipo. Alikuwa na kamba zilizokauka tayari juani na moshini. Alikuwa na sandarusi. Alikuwa na mafuta ya boleko kwenye dumu. Alikuwa na vidole vinne, na cha tano akajaribu kukifikiria mwenyewe: kama mimi nawatoa watu nje, bila shaka kuna kitu cha siri natia ndani, mzizi fulani, majani fulani. Hakufikiri kwamba siri yenyewe ni mahali pa kuwekea chungu. Angefikirije? Mtu yeyote anayejua kupika angefanya alivyofanya. Alimwomba wifi yake Josée amletee kuni na kuwasha moto, Josée akaleta, akawasha. Nadia akayeyusha sandarusi vizuri kabisa, povu likapanda, likashuka, akachukua mafuta ya boleko akayamimina ndani ya chungu, chungu kikiwa juu ya moto.

Mafuta ya boleko si kama mafuta mengine. Yakikutana na joto lile hayachemki, yanaruka. Yanageuka moto yenyewe kwa mara moja, yanamrukia aliyeyashika. Josée alikuwa anarudi na mzigo wa pili wa kuni, akasikia mlio, akatupa kuni, akaingia ndani ya banda linalowaka, akamtoa Nadia kwa mikono yake. Josée, vuta mikono ya blauzi juu. Hapana, nakuomba, vuta juu wayaone makovu. Miaka kumi na tatu mnaona mwanamke huyu anavaa mikono mirefu katika joto hili na hakuna aliyemuuliza.

Nadia aliishi siku mbili. Nilifika siku ya tatu, nimekuta watu wamejaa humu, na maneno yamejaa kuliko watu. Wengine wanasema Josée ameleta bahati mbaya ya kwao. Wengine wanasema alitaka kuiba kidole cha tano, akamsukuma Nadia apike. Wengi wanasema aliwasha moto mkubwa kupita kiasi kwa sababu hajui, watu wa mtoni wanajua maji tu. Na wewe Jafari, ukiwa umepasuka moyo kwa ajili ya dada yako, ukanijia mbele ya wote, macho mekundu, ukaniuliza, "Mama, wee ndio unajua. Ni moto ya Josée?"

Nilijua palepale. Nilipoingia bandani nikakuta chungu bado juu ya mafiga, nilijua. Haukuwa moto wa Josée. Moto wowote ungekuwa mkubwa. Mshumaa ungekuwa mkubwa. Kilichomuua Nadia ni neno moja ambalo nilikuwa nalo mimi peke yangu, na nilikwenda nalo Ubundu nikaiacha nyumba tupu. Nikatazama watu wote wale, nikatazama mwili wa mtoto wangu umefunikwa, nikasema maneno matatu. Moto ulikuwa mkubwa. Ndivyo nilivyosema. Nikageuza uso.

Na kwa maneno hayo matatu Josée alikatazwa kugusa moto wa banda, akawekwa kwenye kigoda cha mlangoni, watoto wa familia wakafundishwa kupita mbali naye, na Yusufu mume wake akafa miaka minane baadaye bado anagombana na ndugu zake kwa ajili yake, nami nikiwa hai, nina ulimi, nasikia. Kila mtu angetegemea arudi kwao Isangi alipofiwa. Hakurudi. Nilipoanguka ni yeye aliyeniosha. Uji wangu ulikuja ukiwa moto, wanangu, na yeye hakuwa anasubiri kidole chochote, kwa maana alijua yeye ni wa mwisho duniani ambaye ningempa.

Hapana, Bilali, usiniambie nipumzike. Nitapumzika muda mrefu.

Josée. Nimekukosea kwa makusudi, siku baada ya siku, nikijua. Sikuja kukuomba unisamehe hapa mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu utaona haya kumkatalia mzee anayekufa, na msamaha wa kuonea haya siutaki. Ukiwa nao, nipe siku yoyote, hata mwaka ujao, uje uuseme pale kaburini. Ukiwa huna, usiuseme, na kamba upike vilevile. Ninachofanya leo ni kukurudishia kilicho chako. Moto haukuwa mkubwa. Mmesikia? Ninyi mlioko mlangoni mmesikia? Moto haukuwa mkubwa.

Na sasa kidole cha tano. Sitamnong'oneza mtu. Nakisema kwa sauti niliyobaki nayo, kwa Josée na kwa Ramla, kwa Jafari na Bilali, kwa Mama Pélagie, kwa Papy na baiskeli yake, na asubuhi Papy atakuwa ameshakitangaza kutoka hapa mpaka mtaa wa Mangobo kwa kila abiria anayempakia, na ndivyo ninavyotaka. Kikimlinda mwanamke mzee na njaa lakini kikamchoma binti, basi si ulinzi. Wazee walionipa kama wamekasirika, naenda huko huko, wataniuliza wenyewe.

Sikilizeni. Chimbeni shimo la mchanga mkavu, hatua kumi na tano kutoka mafiga, upande ambao upepo hauleti cheche. Sandarusi ikishashuka povu, chungu kinatolewa motoni kizima, watu wawili na gongo refu la mti, kinabebwa, kinakalishwa ndani ya mchanga. Mimi nilikuwa nakivuta peke yangu mpaka kwenye mchanga wa kona ya banda, nanyi mkirudi mkikikuta chini mlidhani nimekishusha tu kipoe; ninyi fanyeni wawili, nje. Dumu la boleko linakaa huko huko kwenye mchanga, halisogei karibu na moto hata siku moja, hata likiwa na kifuniko. Halafu mnangoja. Mnachukua uzi mbichi wa lokosa, mweupe, ambao haujapikwa, mnauchovya ndani ya chungu na kuutoa. Ukitoka umeungua, umekuwa kahawia, ngojeni. Chovyeni mwingine. Ukitoka na weupe wake ule ule, umevaa sandarusi tu kama asali, hapo ndipo saa yenyewe. Mnaanza kumimina boleko pembeni mwa chungu, kijiko kwa kijiko, mwingine anakoroga bila kuacha, na mafuta yanaingia yanakubali, bila hata kupiga kelele. Ni hicho. Chungu kinashushwa kwanza. Hakuna mzizi, hakuna majani, hakuna dua niliyokuwa nasoma kule ndani, ingawa mlikuwa mnasikia nanong'ona. Nilikuwa nahesabu nyuzi.

Rudieni. Nataka kusikia kila mtu. Bilali wewe kwanza. Chungu kinashushwa kwanza, ndiyo. Ramla. Mpaka uzi utoke namna gani? Mweupe. Ndiyo, mjukuu wangu. Mama Pélagie, usilie, sema. Papy. Huyo hata hakuulizwa mara mbili.

Jafari. Sijasikia sauti yako.

Sema tu, papa. Hakuna anayekuchukulia kitu. Sokoni kwako watakuja kununua dumu na sufuria, utauza. Umesemaje? Mara ya pili tena, kwa nguvu kidogo, masikio yangu yanakwenda mbali. Hee. Ndivyo. Na lile neno lingine, lile nililokupa mimi siku ya matanga ukalibeba kwa uaminifu miaka yote hii kwa sababu lilitoka kwa mama yako, lirudishe. Usinitazame mimi. Mtazame wifi yako. Moto haukuwa... malizia.

Alhamdulillahi. Nimesikia.

Mungu awe radhi nawe, Jafari, neno hilo lilikuwa zito na umelibeba mbele ya majirani. Leteni mikono yenu hapa, pole pole, mnaniumiza. Mnizike kando ya Nadia, upande wa kushoto, msinijengee sementi, na msichelewe kwa kungoja wageni. Siku arobaini msikae bure mkiimba sifa zangu, wavuvi wanangoja, maji yanapanda mwezi huu. Mungu awape vizazi vinavyoulizana wazi. Awape mikono isiyoogopa kufunguka. Bilali, upatane na mkeo, sina nguvu ya kueleza, unajua mwenyewe. Ramla, soma, halafu rudi usokote, vyote viwili. Josée... sogea. Usinilie usoni hivyo, mwanangu, mimi sikupakwa dawa, nitaloa.

Mlango bado uko wazi? Uacheni.

Chungu kiko pale bandani, sandarusi nimeshaiponda mwenyewe kabla sijaanguka, iko ndani ya kile kikapu. Leo hii. Msingoje nife. Nataka nisikie harufu yake nikiwa... nikiwa bado nina pua. Mchanga Bilali atachimba. Jafari na Papy watabeba gongo. Ramla ashike uzi. Na moto... mtu mwingine asiuguse, awashe Josée.

Josée, uwashe mkubwa, mama. Mkubwa. Uonekane mpaka ng'ambo ya mto.